Hebu Rudi Kwanza

Karafuu. Ndiyo harufu iliyonipokea nilipoifungua kamusi ya Ami, siku tatu baada ya arubaini yake, katika nyumba ya Timbwani tuliyokulia. Alikuwa na desturi ya kutia karafuu baina ya kurasa ili wadudu wasizile, na kwa kuwa hakuwahi kuamua ni ngapi zinatosha, kila nilipofunua zilinidondokea mapajani, kavu, nyeusi, zimekwisha kazi. Dada yangu Maimuna, ambaye ndiye aliyemuuguza mzee mpaka dakika ya mwisho, aliniita nije nichague kitu cha ukumbusho kabla hajaviondoa vilivyobaki. Havikuwa vingi. Miwani miwili, ya mbali na ya karibu, ambayo marehemu aliivaa na kuivua kwa zamu kutwa nzima. Bakora. Kofia tatu. Na hii kamusi ya Kiingereza, nzito kama tofali.

Kwenye hitima nilikuwa nimekaa na wanawake ndani, nikawasikia wanaume barazani wakimsifu. Hakuwa mtu wa pupa, alisema mmoja. Hakupata kukurupuka, akaongeza mwingine. Alipima kila jambo. Niliziba mdomo kwa mtandio, waliokuwa karibu wakadhani nalia. Sikuwa nalia. Mtu aliyepima kila jambo na asikate hata moja, mimi namjua kwa jina jingine, na jina hilo alinifundisha mwenyewe.

Ami alikuwa ndugu wa baba yetu. Baba alipofariki alihamia kwetu awe mlezi, mimi nikiwa bado sijaota meno ya mbele ya pili. Hakuwa na mke wala mtoto, na sababu mtaijua mkisoma. Alikuwa karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, anavuka kwa feri kila asubuhi na kurudi mchana mapema, na Kiingereza chake kilikuwa maarufu Likoni nzima. Watu walimjia na barua zao za kazi na fomu zao za shule. Barua ya mtu mwingine aliimaliza kwa dakika kumi, mwandiko mzuri, kila nukta mahali pake. Ya kwake ingekaa mezani mpaka ikabadilika rangi.

Nyumba yetu mpita njia yeyote aliijua kwa paa lake. Mbele mabati, nyuma makuti. Ami alianza kuezeka mabati, akafika nusu, mtu akamwambia mabati yana joto, akasimamisha mafundi ili afikiri. Alifikiri mpaka mimi nikamaliza shule ya msingi. Pale mabati yalipokutana na makuti ndipo mvua ilipoingilia, na pale ndipo palipokuwa kitanda cha Maimuna na mimi. Tulilala na sufuria kati yetu. Nilidhani nyumba zote huwa hivyo, kwamba kila familia ina chombo chake cha kukingia maji ya kufikiri.

Nyinyi mliolelewa wakati wetu mtakumbuka kutumwa. Mtoto alikuwa miguu ya nyumba. Lakini kutumwa na Ami kulikuwa na kanuni zake, na kanuni hizo tulifundishwa na Mama. Ami angesema, "Nenda kanunue changu wawili." Ukitoka mbio, utakuwa umefika kwa muuza samaki, umechagua, na huku nyuma yeye amekwisha geuka na kumtuma mwenzio akwambie uache changu ununue tafi, na ukirudi na tafi utaambiwa kumbe changu ndio bora. Kwa hivyo Mama alitwambia, "Mkitumwa na ami yenu endeni polepole mpaka kwenye bomba. Mkilipita bomba hamjaitwa, basi."

Bomba lilikuwa la maji ya mtaa, kwenye kona. Sauti ya Ami haikufika pale. Toka mlangoni petu mpaka bombani ni hatua hamsini hivi za mtoto, na mimi nilizijua kwa unyayo. Mara tisa kwa kumi, kabla sijafika, ningesikia nyuma yangu, "Hebu rudi kwanza." Watoto wa wageni waliotujia likizo walikimbia wakachoka bure, na mimi niliwacheka. Nilijiona mjanja. Nilitembea sikio moja nyuma, kisigino kimoja kimekwisha kuinuka tayari kugeuka.

Posa ya Maimuna ililetwa katika mwezi wa Rajabu. Mshenga alikuwa Mzee Kombo, fundi cherehani ambaye kibanda chake kilikuwa mbele kidogo ya bomba, kwenye njia ya kwenda feri. Alikuja Ijumaa baada ya sala, na wazee wawili wa upande wa mwanamume, wakanywa kahawa, wakala halua, wakaacha bahasha nyeupe yenye barua ya posa ndani ya leso ya hariri. Mwenye kuposa aliitwa Bakari, kijana wa Chaani, fundi wa mashine katika kiwanda huko Changamwe. Alikuwa amepata kazi ya mkataba Maskati na ataondoka kabla ya Ramadhani. Alitaka aondoke ameoa. Basi ilikuwa miezi miwili isiyotimia, na kila mtu chumbani alilijua hilo, hata mimi niliyekuwa nachungulia pazia kwa ajili ya halua.

Maimuna alitaka. Sisemi kwa kubahatisha. Alianza kuimba akikuna nazi, na nywele akazitia mafuta mara mbili kwa siku. Mama alipomwuliza kama ada ilivyo, aliinamisha uso asijibu, na Mama akaenda kwa Ami akamwambia, "Amenyamaza." Kwetu hilo lilikuwa jawabu kamili. Mwanamwali aliyelelewa haifungulii posa kinywa. Kilichobaki kilikuwa neno moja la walii wake, mwenye haki ya kumwoza, na walii alikuwa Ami.

Ami aliitia ile bahasha ndani ya kamusi na kusema ataswali istikhara.

Hapo akawa amejifungia mlango mzuri kuliko yote. Nani atamhimiza mtu anayemwomba Mungu amwongoze? Mama alijaribu. Wiki ikipita angesimama penye kizingiti, mtandio kaukaza chini ya kidevu, na kusema, "Shemegi, watu wangoja jawabu." Na Ami angejibu kwa upole ule wake uliokuwa hauna mahali pa kushika, "Nami nangoja, shemegi. Bado sijaona kitu." Mama angerudi jikoni na kuzigonganisha sufuria.

Na kungoja kwenyewe hakungoja kwa Mungu peke yake. Alimwuliza muadhini, muadhini akamwambia vijana wa Changamwe ni wachapakazi, basi mpaka magharibi Bakari alikuwa kijana mwema. Asubuhi muuza samaki akamwambia kuwa babu yake Bakari alikuja na reli kutoka bara, akasilimu ukubwani, basi Bakari akawa mtu wa kuulizwa zaidi. Mtu akamwambia Maskati ni mbali. Mwingine akamwambia Maskati kuna riziki. Yeyote aliyekaa barazani petu na kikombe cha kahawa aliondoka amemgeuza. Sijaona mtu mzima aliyekodishwa kwa bei rahisi namna ile, kikombe kimoja tu, na kahawa yenyewe ni yake.

Lakini wakati ule sikumdharau. Nataka niwe mkweli. Wakati ule nilimwamini mno, na imani yangu ilikuwa ya kipuuzi kuliko kuyumba kwake. Nilimsikia Mama akimwambia jirani kwamba jawabu la istikhara huja usingizini. Nami nilimwona Ami akilala kila siku baada ya chakula cha mchana, kwenye kitanda cha kamba ukumbini, miwani yote miwili kifuani. Nikafahamu. Jawabu la Maimuna litakuja katika usingizi ule, na kama halijaja, ni kwa sababu kuna kitu kinaliamsha njiani.

Nikajifanya askari wa usingizi wa Ami. Nilifukuza kunguru juu ya mabati, maana kucha zao zililia. Kuku nilimfungia kikapuni. Watoto wa mtaa waliocheza mpira wa matambara mbele yetu niliwaambia ndani mna mgonjwa. Hata Maimuna nilimwendea jikoni na kumwambia asikune nazi mpaka Ami aamke. Nilitarajia anifukuze, kwani alikuwa mkubwa, amekwisha maliza shule. Hakunifukuza. Alikaa juu ya mbuzi ya kukunia, kifuu cha nazi mkononi, akangoja. Siku nyingi nilimkuta hivyo, macho mlangoni.

"Kalala?" angeniuliza.

"Kalala."

Naye angetikisa kichwa, asikune.

Mara moja nilipiga chafya pale ukumbini na Ami akaamka. Nilijificha nyuma ya tangi la maji nikalia kwa kwikwi. Niliamini nimemvunjia dada yangu ndoa kwa chafya.

Ilikuwa katika siku hizo hizo Ami aliponipa lile neno. Alikuwa na mazoea ya kunifundisha neno moja la Kiingereza kila alasiri, kabla ya chuo cha Kurani, na kwa hilo alikuwa hodari, siwezi kumnyima. Aliamka, akajinyoosha, akaita, "We mtoto!"

"Abee, Ami."

"Ndoo nikwonyeshe kitu kizuri."

Akafungua kamusi. Bahasha ya Bakari ikateleza, akaisogeza kando kwa kidole kama mtu anayesogeza jani, akaweka kidole hicho hicho chini ya neno "vacillate". Leo nimeukuta mstari wa kalamu ya risasi alioupiga. Akanieleza kwamba Waingereza walilichukua kwa Warumi wa kale, na kwamba Warumi walilitumia kwa mtu ambaye miguu haimchukui sawasawa, anayepepesuka, kama mlevi au mgonjwa aliyetoka kitandani. Waingereza nao walianza kulitumia kwa vitu vinavyotikisika, vya kuonekana kwa macho. Baadaye ndipo wakalihamishia kwenye akili, kwa mtu asiyeweza kukaa na shauri moja. "Unaona?" alisema. "Lilianzia miguuni, likapanda kichwani. Kila neno lina safari yake." Akasimama kunionyesha. Akapepesuka ukumbini kwa kanzu yake nyeupe, mikono ameitandaza, anacheka, nami nacheka, na Maimuna alitoka jikoni kutazama kuna nini.

Nikamwuliza, "Ami, ni watu gani wanaofanya hivyo?"

Akafikiri. "Watu dhaifu," akasema. Halafu akavua miwani. "Au tuseme... si lazima wawe dhaifu. Kuna wengine ni waangalifu. Hebu tuliache hilo." Mwisho akachagua wanasiasa, akawatolea mfano mrefu, akaridhika.

Nimekuwa mwalimu wa Kiingereza kwa zaidi ya miaka ishirini, huko Kisauni, na neno hilo nimelifundisha mara nyingi. Kila nikilifundisha namwona akipepesuka, bahasha iko mezani nyuma yake, na Maimuna mlangoni ameshika kifuu cha nazi. Aliijua historia yote ya ugonjwa wake, tangu Warumi. Aliicheza kwa mikono na miguu mbele ya msichana aliyekuwa anakufa kwa ugonjwa huo huo bila kuumwa nao yeye. Mjinga ningemsamehe. Yeye alikuwa msomi.

Shaaban ikaingia. Mzee Kombo alipita mara mbili, akaketi, akazungumza habari za nyuzi na vitambaa, akaondoka. Mara ya tatu alisema waziwazi kwamba kijana ana siku tisa.

Kesho yake Ami alilala usingizi mrefu kuliko siku zote. Nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri. Hapakuwa na kunguru, hapakuwa na kuku, hata upepo ulitulia. Aliamka peke yake, akanawa uso, akatoka mlangoni akasimama. Nilimtazama usoni nitafute ile ndoto. Akasema kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake, ya mtu wa kawaida, "Nenda kwa Mzee Kombo. Mwambie waje Ijumaa, tufunge ndoa."

Nikaondoka.

Ningependa kuwaambia nilipaa. Moyo ulipaa kweli. Niliamini ndoto imekuja, na mimi ndimi niliyeilinda. Lakini miguu yangu ilikuwa imefundishwa kazi nyingine. Ilikwenda kama ilivyokwenda kila siku, polepole, unyayo mmoja baada ya mwingine, sikio moja nyuma. Nilipita mlango wa jirani. Nilipita ua la michongoma. Nilisimama, Mungu anajua, nikasimama kutazama mbuzi anayekula gunia. Bomba nililiona, wanawake wawili wakiteka maji, na nyuma yao kibanda cha Mzee Kombo na mguu wake ukikanyaga cherehani. Zilibaki hatua nne au tano.

"Hebu rudi kwanza."

Nikageuka. Sikufikiri hata kidogo, kisigino kilikuwa tayari. Nilirudi nikamkuta pale pale mlangoni, anavaa miwani ya mbali kunitazama, kisha ya karibu.

"Kwani haraka ya nini?" akasema. "Leo Jumatano. Tungoje tuone."

Bakari alisafiri. Mzee Kombo akaja kuichukua bahasha na leso ya hariri, hakunywa kahawa, na Ami alimsindikiza mpaka nje kwa heshima zote. Aliporudi alikuwa mwepesi, amenyooka mgongo, kama mtu aliyetua mzigo. Akamwambia Mama, nami nikisikia, "Mwaona, shemegi? Istikhara imejibu. Haikuwa riziki." Mama akaenda kukaa na Maimuna chumbani, na siku hiyo hatukupikiwa.

Habari za Bakari zilitufikia baadaye, ameoa, ana watoto, amejenga Miritini. Posa nyingine zilikuja kwetu, mbili tatu, na zote zilipita katika kamusi ile ile. Kisha zikaacha kuja. Mimi niliolewa kwa sababu wakati wangu Mama alikwisha jifunza, alimwita mjomba wetu kutoka Vanga, naye akaja akamshika Ami mkono mpaka akatamka. Mama alipofariki, mzee akabaki na Maimuna. Alimpikia, akamfulia kanzu, akamwogesha alipokuwa hajiwezi. Walisema kwenye hitima, ana bahati marehemu, alikuwa na mtoto wa kumtunza.

Haya yote yalinirudia pale ukumbini, kamusi mapajani. Maimuna alikuwa ameketi kizingitini mwa jikoni anachagua mchele kwenye ungo. Nywele zake zimeingia mvi nyingi. Nilimwambia maneno niliyoyaweka miaka yote.

"Da Maimuna, Mungu amrehemu, lakini mtu huyu mimi namdharau. Nitamdharau mpaka nife. Alikuharibia maisha kwa kuwa hakuweza kusema ndiyo akaiacha ikakaa."

Aliokota jiwe katika mchele, akalitupa.

"Ndiyo aliisema," alijibu. "Ile Jumatano."

Sikupata kumwambia habari za siku ile. Sikumwambia mtu.

"Nilikuwa dirishani," aliendelea, hainui uso. "Nilimsikia akikutuma. Nilikuona unavyokwenda. Ukasimama kutazama mbuzi."

"Nilikuwa mtoto, Da Maimuna. Mama ndiye aliyetufundisha twende vile."

"Najua. Wewe ulikuwa mtoto." Akautikisa ungo, mchele ukaruka ukarudi. "Mimi nilikuwa mkubwa. Nilitaka nikwambie kimbia. Neno moja tu. Lilinifika hapa," akajigusa koo kwa kidole chenye unga wa mchele. "Nikaona haya. Watu wale bombani watasema nini, mwanamwali anapiga kelele dirishani aihimiza posa yake? Nikasema moyoni, acha afike nyumba ya pili ndipo nimwite. Ukafika. Nikasema, acha alipite ua. Ukalipita. Ndio mara nikamsikia Ami."

Hakulia. Alisema kama anayesimulia habari za watu wengine, wa mtaa wa mbali. Mimi ndimi niliyeinuka, sijui kwa nini, nikajikuta nimesimama katikati ya ukumbi, pale pale alipopepesuka mzee na kanzu yake. Nilitafuta ile dharau niliyokuja nayo, niliyoilea miaka yote ikanenepa, nikaona haijui imwendee nani. Nilitaka niombe radhi. Nilitaka nimshike mkono. Nilitaka niseme kwamba bado hajazeeka.

Maimuna alimwaga mchele kwenye sufuria, akajifuta mikono, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu aanze kuzungumza.

"Basi kitabu hiki wakitaka au hukitaki? Mwenye kununua vitu vikuukuu yuwaja saa kumi, na nishamwambia avichukue vyote."

Karafuu moja ilidondoka ikaniangukia kwenye unyayo. Nilikitazama kitabu. Nilimtazama yeye.

"Ngoja kwanza," nikamwambia.